Kamba Haiponyi: Bangi na Akili za Vijana Wetu

Somo: Marko 5:1-20

Leo sitawahubiria kwa sauti kubwa. Nataka tuzungumze kama watu wa nyumba moja juu ya jambo ambalo nyumba nyingi hulificha, nalo ni mtoto aliyetumia bangi hata akili zake zikavurugika.

Mara kwa mara mzazi hunijia baada ya ibada. Husubiri mpaka watu wote wametoka, kisha huniuliza kwa sauti ya chini, "Kasisi, huyu mtoto amerogwa, ana pepo, au ni hiyo bangi?" Swali hilo si dogo. Jibu atakalopewa mzazi huyo ndilo litakaloamua atampeleka mtoto wapi: kwa mganga, kwa mwombeaji, au hospitalini. Nami nalijibu leo mbele yenu nyote kwa sababu siku moja nililijibu vibaya, na aliyelipa gharama si mimi.

Nilikuwa kasisi mgeni katika parishi yangu ya kwanza, nimetoka chuo cha theolojia majuzi tu. Mama mmoja wa Umoja wa Kina Mama akaniletea habari za mwanawe wa kidato cha tatu. Nilimfahamu kijana huyo. Nilikuwa nimemfundisha katika darasa la kipaimara, naye alikuwa msomaji mzuri wa masomo siku ya Jumapili. Mama akasema, mtoto halali usiku. Anaongea peke yake. Ameacha kuoga. Anasema walimu wametia kitu ndani ya redio ili wasikie mawazo yake. Sasa amekataa hata chakula, akidai kina sumu. Na katika mfuko wa suruali yake mama alikuwa amekuta misokoto ya bangi.

Nilisimama nikamwombea. Nikamwambia mama afunge siku tatu, na amwonye mtoto aiache dhambi. Kisha nikamwaga. Ndugu zangu, sikukosea kuomba. Nilikosea kumrudisha mama yule nyumbani na maombi peke yake, kana kwamba Mungu hakuwapa wanadamu matabibu.

Miezi minne ikapita. Usiku mmoja kijana akaamka akiwa na hakika kwamba mamaye ndiye anayemtilia sumu, akamwinukia na panga. Mama aliponea mlangoni, na kovu la mkononi analo hata leo. Majirani wakamkamata kijana, wakamfunga kamba mikono na miguu, wakamlaza ghalani mpaka asubuhi. Tangu siku ile watu hawakumwita tena kwa jina lake. Walimwita "yule wa bangi."

Tulipomfikisha hospitalini, daktari alisikiliza habari yote, kisha akanigeukia akauliza, "Miezi minne yote mlikuwa mnangoja nini?" Sikuwa na jibu.

Basi, bangi hufanya nini ndani ya kichwa cha mtu? Nitaeleza kama nilivyoelezwa na wenye elimu hiyo. Mungu aliumba ubongo wenye chembe nyingi mno, na chembe hizo hupelekeana habari kwa njia ya vitu vidogo vilivyo kama matarishi wa ofisi. Kila tarishi ana mlango wake. Yuko aletaye habari ya njaa, yuko wa usingizi, yuko wa hofu, yuko wa furaha. Sasa, ndani ya bangi mna kitu kiitwacho THC, ambacho Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, wataalamu wa Israeli, walikitenga na kukitambua mwaka 1964. Kitu hicho kimefanana na tarishi mmoja wa mwili wenyewe, hata mlango humfungulia. Lakini huyu amekuja na barua ya uongo. Huingia kwa wingi, na hukaa kuliko tarishi wa kweli.

Hapo kazi ya ubongo ya kupima mambo, kipi kikubwa na kipi kidogo, huchafuka. Mtu akikohoa barabarani, mvutaji hudhani anasemwa. Gari likisimama nje, hudhani limemfuata yeye. Kwa watu wengi hali hiyo huisha baada ya saa chache. Kwa wengine huendelea siku nyingi, na kwa wengine hufungua mlango wa ugonjwa wa kudumu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1987 wataalamu wa Sweden walitoa habari za vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970, ambao walifuatiliwa kwa miaka 15. Wale waliokuwa wameshatumia bangi zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo, kwa kiasi cha mara 6 kuliko wale ambao hawakuitumia kamwe. Mwaka 2019 zikatoka habari za uchunguzi mwingine uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazil. Walioitumia kila siku walionekana kuwa na hatari ya kurukwa na akili ipatayo mara 3 ya wengine, na waliotumia kila siku bangi iliyo kali sana, karibu mara 5. Wataalamu wangali wanapima ni sehemu gani ya ugonjwa huo itokayo kwa bangi yenyewe na ni sehemu gani iliyokuwamo ndani ya mtu tangu mwanzo. Lakini onyo lao ni moja.

Kijana unayenisikiliza, najua unalotaka kuniambia. Utasema, "Kasisi, babu alivuta miaka hamsini akalima shamba lake vizuri." Utasema unawajua wavutaji watano, na wote wanakwenda kazini. Nakubali. Nikisema kila avutaye atapata wazimu, nitakuwa mwongo, na Bwana hatumikiwi kwa uongo. Walio wengi hawapati. Lakini ni kama kuvuka mto uliofurika. Wakivuka watu kumi, huenda tisa wakafika ng'ambo, na hakuna awezaye kukuambia ukiwa ungali ukingoni kama wewe ndiwe wa kumi.

Yako mambo manne yanayojulikana kuongeza hatari hiyo. La kwanza ni kuanza mapema, maana ubongo wa kijana haujamaliza kukomaa. Huendelea kukomaa mpaka kama miaka 25, na anayeanza akiwa na miaka 14 au 15 anatikisa nyumba ambayo saruji yake haijakauka. La pili ni kutumia kila siku. La tatu ni ukali wa bangi yenyewe. La nne ni ugonjwa wa akili katika ukoo.

Juu ya hilo la nne nina neno kwa wazazi. Katika koo nyingi kuna shangazi au mjomba ambaye habari zake hazitajwi. Watoto huambiwa tu kwamba "alikuwa mgonjwa," basi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Waambie watoto wako ukweli wa ukoo wao, ili wajue kwamba kwao hatari ni kubwa kuliko kwa wenzao. Kunyamaza kwako hakumlindi mtoto.

Wala tusidhani ni jambo la watoto wa wengine. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Wakenya zaidi ya 500,000, wenye miaka kati ya 15 na 65, walikuwa wakitumia bangi. Tena siku hizi haivutwi tu. Hutiwa ndani ya biskuti na keki, ambazo hazitoi moshi wala harufu ya kumshtua mwalimu. Iliyoliwa huchelewa kufanya kazi. Mtoto akiona hasikii kitu, huongeza kipande cha pili na cha tatu, kisha vyote humpanda pamoja.

Bangi si peke yake. Najua miraa imelipa karo za watoto wengi kule Meru, na muguka kule Embu, nami simtukani mkulima. Lakini majani yale yana kathinoni, ambayo huuchangamsha ubongo na kuufukuza usingizi. Mtu akitafuna usiku kucha, na usiku wa pili, na wa tatu, akili isiyolala huanza kuona maadui pasipo na mtu.

Pombe nayo ina hatari ambayo sisi watu wa kanisa yatupasa tuijue sana. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi, akiacha ghafla, huweza kutetemeka, kuona wadudu wasiokuwapo, kuanguka kifafa, hata kufa. Wako watu waliompokea Bwana siku ya Jumapili, wakaitupa chupa siku hiyo hiyo, na ilipofika Jumatano sisi tukasema wamepagawa. Hawakupagawa. Mwili ulikuwa ukililia sumu uliyoizoea. Tumshangilie anayeacha, tena tumsindikize kwa daktari ili aache kwa usalama.

Na kwa wenzetu wa Pwani, ambako unga umeharibu vijana wa mitaa mingi, yule mnayemwita teja anapolia kwa arosto hafanyi mchezo. Dawa ya methadoni, inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu, ilianza kutolewa katika hospitali ya Mathari mwaka 2014, kisha Malindi na Mombasa. Imewasaidia wengi kuacha sindano na kurudi kazini. Mkristo asimcheke anayeinywa.

Nina tahadhari moja. Si kila mgonjwa wa akili ametumia dawa za kulevya. Wako wengi wasioonja kitu maishani mwao, na ugonjwa ukawapata kama vile malaria impatavyo mtu. Wako na wengine ambao huzuni au hofu iliwatangulia, wakaanza kuvuta ili kuituliza, nayo ikazidi. Kwa hiyo usianze kwa kushitaki. Anza kwa kuuliza, na kusikiliza.

Utajuaje kwamba mtoto anaelekea kubaya? Tazama usingizi wake: je, anakesha usiku bila sababu? Tazama usafi wake, na masomo yake, na rafiki zake. Je, amejitenga na wote? Anacheka au kujibu pasipo aliyesema naye? Anawashuku watu wa nyumba yake mwenyewe? Anasema maisha hayana faida, heri afe? Ukiona hayo, na hasa hili la mwisho, usingoje miezi minne, wala wiki nne. Mpeleke kwenye kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, ueleze yote bila kuficha bangi. Wakiona yafaa, watamtuma kwenye hospitali kubwa. Kadiri anavyotibiwa mapema, ndivyo tumaini la kupona linavyokuwa kubwa. Na akipewa dawa, asiziache kwa sababu amejisikia vizuri. Aziache kwa neno la daktari tu.

Sasa turudi kwenye Neno la Mungu. Marko anatuambia habari za mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini, akipiga kelele usiku na mchana na kujikata kwa mawe. Watu wa kwao walikuwa wamemjaribia dawa moja tu, nayo ni minyororo. Haikumponya. Aliikata, akarudi makaburini.

Mtu atasema, "Kasisi, yule alikuwa na pepo, na hao wa bangi ni wagonjwa." Kweli, nami sisemi kila aliyerukwa na akili ana pepo. Maandiko yenyewe, katika Mathayo 4:24, yanawataja wenye magonjwa, na wenye pepo, na wenye kifafa, kila kundi kwa jina lake, na Bwana akawaponya wote. Naye Luka, aliyeandika Injili, Paulo anamtaja katika Wakolosai 4:14 kama tabibu aliyempenda. Kanisa halikuanza jana kuketi na madaktari. Maombi na dawa havishindani, maana vyote viwili vimetoka katika mkono mmoja.

Lakini lile Bwana Yesu alilomtendea mtu yule latufaa sisi sote. Hakumwuliza ametenda dhambi gani. Alimwuliza jina lake. Mtu ambaye kijiji kizima kilimjua kwa kelele na minyororo tu, Bwana alisema naye kama mtu mwenye jina. Na watu walipokuja walimkuta amekaa kwa utulivu, mwili umesitiriwa, akili zimemrudia.

Hapo pana jambo la ajabu. Walipomwona amepona, waliogopa! Walikuwa wamemzoea akiwa makaburini. Akiwa mzima, itawabidi wampe mahali pa kukaa. Naye alipoomba kumfuata Bwana chomboni, Bwana alimwambia arudi nyumbani kwa watu wake. Kwa nini? Naamini ni kwa sababu uponyaji wake ulikuwa bado haujatimia mpaka apokewe pale pale alipofukuzwa.

Kijana wangu niliyewaambia habari zake alikaa hospitalini wiki sita. Jumapili ya kwanza aliporudi kanisani, yeye na mamaye walikaa benchi la nyuma, na hakuna aliyekaa nao. Nilikuwa madhabahuni nikaona. Jumapili ya pili, wimbo ulipoanza, mzee mmoja wa kanisa alitoka benchi la mbele, akatembea polepole mpaka nyuma, akaketi karibu naye, akamfunulia kitabu cha nyimbo. Hakusema neno. Baada ya ibada nilimwendea kijana, nikamwita kwa jina lake la ubatizo, lile lililoandikwa katika daftari la kanisa, nikamwomba asome somo la Jumapili iliyofuata. Alisoma. Sauti ilitetemeka, lakini alifika mwisho.

Sitaki kuwadanganya kwamba yote yalikwisha siku ile. Mwaka wa pili alirudia bangi, akarudi hospitalini, tukaanza tena. Shule hakuimaliza, na hilo bado linamwuma. Lakini leo anafanya kazi, anamsaidia mamaye, na kila mwezi huenda kliniki kuchomwa sindano yake. Siku akisahau, yule mzee humkumbusha.

Ndugu Mkristo, nakuachia maswali mawili. Katika kijiji chako yuko mtu ambaye watu wameacha kumwita kwa jina? Na Jumapili ijayo akija kanisani, ataketi karibu na nani? Pengine huna elimu ya kutibu, wala uwezo wa kulipa hospitali. Lakini waweza kuchangia nauli ya kwenda kliniki. Waweza kukaa na mama yule siku moja ili apate kulala. Waweza kumwita mtu kwa jina lake.

Na wewe kijana uliye na msokoto mfukoni sasa hivi unaponisikiliza, sikulaani. Utupe. Ukiona huwezi kuutupa, mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, kabla jua halijachwa. Bwana aliyevuka bahari yenye dhoruba kwa ajili ya mtu mmoja wa makaburini hashindwi kukufikia wewe.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyetuumba wenye akili na moyo, twakuomba uwakumbuke wote ambao akili zao zimevurugika, na wazazi wanaokesha kwa ajili yao. Uwape madaktari na wauguzi hekima na subira. Uwaokoe vijana wetu na yale yanayowaharibu. Utusamehe sisi tuliochelewa, na tuliofunga kamba mahali palipotakiwa mkono. Utufanye kuwa nyumba ambayo aliyepona aweza kurudi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote. Kwaherini.